Laini ya Shangazi, Nywila ya Steshenari: Kufundisha Usalama wa Mtandaoni kwa Chaki na Ubao

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kata ni wangapi wana simu, mikono michache itainuka, tena nusunusu, maana kila mmoja anajua kukutwa na simu shuleni ni safari ya kwenda kwa mwalimu wa nidhamu. Badilisha swali: wangapi wako WhatsApp, Instagram au TikTok? Darasa litaangua kicheko. Hapo ndipo pa kuanzia, mwalimu. Wengi wao hawana simu, lakini mtandaoni wapo: kwa laini ya shangazi, kwa simu ya kaka, kwa barua pepe waliyofunguliwa na kijana wa steshenari, kwa picha zilizowekwa na shule yenyewe siku ya mahafali.

Mafunzo mengi ya usalama wa mtandaoni yanayotufikia yametungwa kwa ajili ya mtoto mwenye simu yake, chumba chake na intaneti inayolipiwa na mzazi kila mwezi. Yanamwonya dhidi ya mtu asiyemjua. Onyo hilo lina maana, lakini mtoto wa Mbagala au wa Mvomero anayeazima simu kwa nusu saa ana jambo jingine la kujua kwanza: vitu vyake vimeshikwa na watu anaowafahamu kwa majina. Kwa hiyo nashauri kipindi cha kwanza kisimtaje kabisa mhalifu wa mbali. Kiulize tu nani anashika nini.

Safu nne

Chora jedwali la safu nne ubaoni. Ya kwanza ni akaunti. Ya pili, laini iliyotumika kuifungua imesajiliwa kwa jina la nani. Ya tatu, mwenye akaunti huingia kwa simu au kompyuta ya nani. Ya nne, nani mwingine anaijua nywila. Kila mwanafunzi ajaze ya kwake kwenye karatasi, kimya kimya.

Karatasi hizo usizikusanye, na uwaambie hivyo kabla hawajashika kalamu. Mwalimu anayezikusanya "ili kuona kama wamefanya" amegeuza zoezi kuwa upekuzi, na hatapata jibu la kweli kutoka darasa hilo mpaka wahitimu. Kipindi kikiisha kila mmoja aichane ya kwake au aondoke nayo.

Badala ya karatasi zao, jadilini ya mwanafunzi wa kubuni ambayo umeijaza wewe ubaoni. Mstari wa kwanza: WhatsApp, laini ya shangazi, simu ya shangazi mwisho wa wiki, nywila hakuna. Mstari wa pili: Instagram, imefunguliwa kwa barua pepe, simu ya rafiki, nywila anayo rafiki. Mstari wa tatu: barua pepe, imefungwa kwenye laini ya zamani iliyopotea, kompyuta ya steshenari, nywila anayo kijana wa steshenari. Waulize ni mstari gani wa hatari zaidi. Watataja Instagram, kwa sababu ya rafiki. Waache wabishane, kisha chora mshale: Instagram ikisahaulika nywila, mpya hutumwa wapi? Kwenye barua pepe. Na barua pepe ikisahaulika, namba ya kuthibitisha hutumwa wapi? Kwenye laini iliyopotea.

Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni, na namba yake inaweza kuuzwa upya kwa mteja mwingine. Mteja huyo hana kosa lolote, amenunua laini yake kihalali, ila sasa ujumbe wa kufungulia barua pepe ya mwanafunzi wako unaingia kwenye simu yake. Mishale yote ya jedwali huishia kwenye laini, ndiyo maana mimi huiweka laini mbele ya nywila katika somo hili.

Tangu mwaka 2019 laini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwanafunzi ambaye hajafikisha miaka 18 kwa kawaida hana namba hiyo, kwa hiyo laini yake inapaswa kusajiliwa na mzazi au mlezi. Shangazi anayemlea hana tatizo. Tatizo ni laini iliyonunuliwa ikiwa tayari imesajiliwa, kwa kidole cha mtu asiyejulikana ni nani. Siku ikipotea, hakuna wa kwenda dukani kuirudisha. Toa kazi ya nyumbani: mwanafunzi akae na mzazi, wabonyeze *106#, waangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Wakiona namba wasiyoitambua, mzazi aende kwenye duka la kampuni husika akaiondoe. Ni kazi ya nyumbani inayomfundisha mzazi pia, bila kumwita mkutanoni.

Kaunta ya steshenari

Anayehitimu kidato cha nne hukutana na mifumo mingi ndani ya muda mfupi. Kuna kubadilisha tahasusi kwenye Selform ya TAMISEMI, kuna maombi ya chuo, na kwa watakaofika elimu ya juu kuna mkopo wa HESLB. Kila mfumo unataka barua pepe au namba ya simu na nywila. Kijana wa steshenari anauliza, "Una email?" Mwanafunzi anasema hana. "Basi nakufungulia." Nywila inakuwa jina la mwanafunzi likifuatiwa na 123, au ile ile anayowapa wateja wote ili asisahau. Sisemi vijana hawa ni wezi; wengi wanafanya kazi ya msaada kwa malipo madogo. Lakini mlango wa mkopo wa miaka mitatu unafunguliwa na mtu ambaye mwaka ujao huenda amehamia mji mwingine.

Dawa ni mwanafunzi afike pale akiwa na barua pepe yake tayari. Kama shule ina chumba cha kompyuta, au una kishikwambi kati ya vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, tenga muda wa kila mmoja kufungua ya kwake akiwa kidato cha tatu, kwa jina linalofaa kuandikwa kwenye barua ya kuomba kazi. Nimeona anwani zenye majina ya wanamuziki na maneno ya mapenzi zikipelekwa kwenye maombi ya chuo. Mwambie bila kumcheka.

Kisha fanyeni igizo. Meza ya mwalimu iwe kaunta, mmoja awe kijana wa steshenari, mwingine mteja. Mteja aseme mwenyewe: "Naomba niandike nywila mimi." Sentensi hiyo ni ngumu kuitamka mbele ya mtu mkubwa mwenye haraka, na foleni iko nyuma yako. Ndiyo maana inafanyiwa mazoezi. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi nywila, jibu ni hapana. Kazi ikiisha, atoke kwenye akaunti, asifunge tu dirisha. Aliyefungua WhatsApp yake kwenye kompyuta ile ili kutuma faili la kuchapishwa aingie kwenye simu, atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akiondoe kile. Mwisho, aombe nakala za cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi zifutwe kwenye kompyuta, pamoja na zilizoko kwenye kapu la taka.

Kitambulisho hicho kina siri ambayo wengi hawajaiona: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa. Sasa waulize wanafunzi, bila kukutajia, ni wangapi ambao mzazi wao ametumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kutolea pesa. Kama wewe ni mwalimu wa hisabati umepata somo la uwezekano bure. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Aliyeona picha ya kitambulisho na kubahatisha mwaka wa kuzaliwa amebaki na mmoja.

Kuhusu nywila zenyewe, sitakaa sana. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana ni imara na hukumbukwa kirahisi kuliko herufi nane zenye alama za ajabu. Andika mfano ubaoni, kisha uufute na kuupiga marufuku, kwa sababu nusu ya darasa watauchukua huo huo. Barua pepe iwe na nywila yake peke yake, isiyotumika popote pengine. Na kwenye WhatsApp awashe ile namba ya siri ya ziada ya tarakimu sita, kwa ajili ya ulaghai wa aina hii: rafiki anakuandikia, "Samahani, kuna namba sita imekuja kwako kwa bahati mbaya, nisomee." Rafiki huyo tayari ameibiwa akaunti, na anayeandika ni mwizi anayejaribu kuingia kwenye ya kwako. Kanuni ya kufundisha ni fupi: namba ya uthibitisho haisomwi kwa mtu yeyote, hata mama, hata mwalimu.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Hakuna mwanafunzi asiyeujua ujumbe huu, na ndiyo sababu unafaa kufundishia. Uandike ubaoni kama unavyokuja: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Waulize kwa nini bado unapata watu, ikiwa nchi nzima inaucheka. Watagundua wenyewe kwamba anayeutuma hahitaji kukujua. Anautuma kwa maelfu, akitegemea kwamba kati yao yupo aliyekuwa njiani kutuma kodi ya nyumba au ada, na kwa huyo mmoja ujumbe umefika kwa wakati. Hata jina geni limeshaelezwa mapema ili lisimshtue. Sentensi moja imefanya kazi zote hizo. Wanafunzi wa fasihi wanaweza kuichambua kama wanavyochambua shairi, na watafurahi.

Kisha wape ya pili, ambayo haiwachekeshi. Mzazi wa mwanafunzi wa bweni anapigiwa simu usiku: mwanao ameanguka ghafla, yuko hospitali, daktari anataka pesa ya vipimo, mimi ni mwalimu wa zamu. Huyu, tofauti na yule wa kwanza, anajua jina la mtoto, la shule, wakati mwingine hata la mwalimu. Ameyapata wapi? Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi lenye kiungo cha kujiunga kilichosambazwa ovyo, kwenye orodha ya mabweni iliyopigwa picha, au kwenye maoni chini ya picha ya mtoto. Kubalianeni na wazazi mwanzoni mwa muhula kwamba shule haiombi pesa za matibabu kwa namba ya mtu binafsi, na kwamba simu kama hiyo ikija, wakate na kupiga namba ya shule waliyoihifadhi. Meseji za kitapeli, zikiwemo zile za waganga na za kujiunga na Freemason, mzazi anaweza kuzipeleka pamoja na namba iliyozituma kwenda 15040, bila malipo.

Picha ya kuchora

Usitumie picha halisi ya mwanafunzi yeyote, hata aliyekubali. Mchoro wa chaki unatosha: msichana amesimama kituoni na sare, nembo kifuani, nyuma yake daladala ina ubao ulioandikwa Mbagala Rangi Tatu, pembeni kuna duka la dawa lenye jina, na chini ameandika "Tuition imeisha, home sasa." Wape dakika tano waandike yote wanayoyajua kumhusu. Shule anayosoma, njia anayopita, saa anayopita, kwamba yuko peke yake. Wakimaliza, waulize ni kitu gani angekiondoa ili picha ibaki nzuri. Hilo ndilo swali lenye faida, kwa sababu wataendelea kupiga picha, na somo linalowakataza moja kwa moja litasahauliwa kabla ya kengele. Angeweza kuituma akishafika nyumbani. Angeweza kuikata ukingoni.

Ongeza jambo moja ambalo jicho halioni. Simu nyingi huweza kuhifadhi ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama dokumenti ili isipoteze ubora, hubaki nayo.

Siku mwanafunzi atakapokuja analia

Sehemu hii iandae kabla haijahitajika, kwa maana ikija haikupi nafasi ya kufikiri. Msichana, au mvulana, alimtumia mtu picha ya faragha. Sasa mtu huyo anataka pesa, au nyingine zaidi, la sivyo ataisambaza. Au ameshaisambaza na kidato kizima kimeiona.

Sentensi yako ya kwanza itaamua kama atakueleza yaliyobaki. "Kwa nini ulipiga picha kama hiyo?" inafunga mazungumzo, hata ukiisema kwa upole. "Umefanya vizuri kuja" inayafungua. Na shule inayomsimamisha masomo mwathirika kwa "kuchafua jina la shule" imewatangazia wengine wote kwamba wakitishwa, afadhali walipe.

Usiombe kuiona picha. Usiipokee kwenye simu yako kwa ajili ya ushahidi, wala isipite ofisi ya walimu kutoka meza hadi meza. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inahusu usambazaji wa picha za ngono za watoto. Haisemi kwamba mwalimu ameruhusiwa. Wanafunzi waliokuwa wakirushiana picha ya mwenzao nao wajue hivyo. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo kinahusu kumnyanyasa na kumtisha mtu kwa njia ya mtandao. Wengi wao wanadhani kosa ni la aliyepiga picha tu.

Ushauri kwa mwanafunzi mwenyewe ni huu. Asilipe, maana aliyelipwa mara moja anajua unalipa. Asifute mazungumzo, bali ahifadhi vitisho, namba na jina la akaunti, pamoja na tarehe. Akishahifadhi, amzuie mtu huyo na kuiripoti akaunti. Kama kuna mzazi au mlezi anayeaminika, mwitane. Kama anayetisha ni ndugu wa nyumbani, usianze na nyumbani. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Kituoni, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, msisimame kaunta ya kawaida kuelezea mambo hayo mbele ya watu.

Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa cha Marekani, NCMEC, tangu 2023, nayo hutumika kutoka nchi yoyote. Inahusu picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Mwathirika huichagua picha kwenye simu yake, na simu hutengeneza alama ya kipekee ya faili hilo. Alama ndiyo inayopelekwa, picha haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Kwa waliofikisha miaka 18 kuna StopNCII, inayofanya kazi kwa namna hiyo. Mueleze ukweli kwamba huduma hizi haziwezi kuingia ndani ya mazungumzo ya faragha yaliyosimbwa, yaani kile kilichokwisha kupita kwenye makundi ya WhatsApp hakitafutika kwa njia hii. Mtoto aliyeahidiwa kwamba kila kitu kitafutwa, kisha akaiona tena picha yake, hatakuamini tena.

Shule nayo

Utafundisha haya yote Jumatatu, na Ijumaa mwenzako ataweka Facebook picha ya watoto 40 wa darasa la awali, majina yao kamili chini yake. Mwonyeshe habari ya Nairobi: mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Fomu ya kujiunga iwe na mstari wa idhini ya picha, mzazi achague ndiyo au hapana, na aliyechagua hapana mtoto wake asitengwe kwenye picha ya pamoja ya kumbukumbu inayobaki ofisini.

Namba ya mtihani nayo inahitaji uangalifu. NECTA hutoa matokeo ya kidato cha nne tovutini kwa namba ya mtahiniwa. Mwanafunzi anayejipiga picha na karatasi yenye namba yake, akiwa na furaha ya kuanza mtihani, amempa kila aliyeiona njia ya kujua daraja na alama zake za kila somo, mwaka huo na miaka ijayo. Ubao wa matangazo wa shule wenye majina na namba pamoja hufanya vivyo hivyo pale unapopigwa picha.

Kwa ratiba, jedwali la safu nne na mchoro wa kituoni vinawafaa kidato cha pili. Barua pepe na igizo la steshenari viwe kidato cha tatu. Kidato cha nne warudie jedwali lao Septemba, wabadilishe nywila zote zinazojulikana na wengine, na wahamishe akaunti zilizo kwenye laini zilizokufa. Mtihani wao ni Novemba, na baada ya hapo huwapati tena.